Kufuta Jina Si Kufuta Kitu

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tunalijua neno kufuta kwa mikono yetu wenyewe. Maalim alikuandikia ubaoni, ukasoma hata ukahifadhi, na siku uliyomsomea akaridhika alikwambia, "Nenda kafute." Ulikwenda kisimani, ukaumwagia ubao maji, ukausugua, na wino wa masizi ukatiririka chini. Ubao ukaanikwa juani ukakauka. Kesho yake hapakuwa na fundi wala mganga awezaye kuutazama ubao ule akakwambia jana paliandikwa nini.

Neno hilo hilo siku hizi tumelipa kazi nyingine kwenye kompyuta. Mtu anabonyeza kitufe, kompyuta inamwuliza kama ana hakika, anajibu kuwa anayo, na faili inatoweka machoni pake. Basi hujiona amemaliza. Huiuza kompyuta ile, au humpa mpwa wake aende nayo chuo kikuu, au huiacha kwa fundi moyo wake ukiwa umetulia tuli. Nami nataka kumwambia ndugu msomaji leo, pasi na kuzungukazunguka, kwamba utulivu huo hauna msingi. Kompyuta iliyoambiwa ifute aghalabu haikufuta kitu. Imefuta jina tu.

Dalali na daftari lake

Ili jambo hili lifahamike, tuanze na diski yenyewe, ile ngumu iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo ndiyo ghala ya kila tunachokiandika. Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24, mfano wa sinia kubwa la pilau, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Leo diski itoshayo kiganjani yaweza kubeba zaidi ya mara laki moja ya hizo. Lakini asili ya kazi ni ile ile. Sahani imepakwa madini ya sumaku, inazunguka mbio, na kichwa kidogo kinapita juu yake kikiandika kwa kuielekeza sumaku upande huu au upande ule. Kwa pande hizo mbili zinapatikana tarakimu mbili, moja na sufuri, na kwa tarakimu hizo huhifadhiwa barua, hesabu, picha na sauti.

Sasa fikiria mtaa wenye nyumba maelfu, na dalali mmoja mwenye daftari. Katika daftari lake ameandika nani anakaa nyumba ipi, na nyumba zipi ziko wazi. Siku moja unamwambia, "Mfute fulani." Dalali hatoki kitini. Anachukua kalamu, anapiga mstari juu ya jina la fulani, na kando yake anaandika kwamba nyumba hii i wazi, apangishwe mwingine. Huko nyumbani kitanda kipo, kabati lipo, barua zimo sandukuni, hata chungu kiko jikoni. Vitu hivyo vitakaa pale pale mpaka siku atakapokuja mpangaji mpya akavitoa na kutia vyake. Huenda akaja kesho. Huenda asije miaka kumi.

Hivyo ndivyo kompyuta ifanyavyo. Katika mfumo wa zamani wa MS-DOS, faili ilipofutwa kompyuta iligusa herufi moja tu ya jina lake katika orodha, ile ya kwanza, ikatia alama mahali pake kuonyesha kwamba jina hilo halitumiki tena, kisha ikazihesabu nafasi zake kuwa zi wazi. Yaliyoandikwa ndani ya faili hayakuguswa. Mifumo ya Windows ya sasa ina daftari kubwa zaidi na la ustadi zaidi, lakini mwenendo ni ule ule: habari za faili hutiwa alama kuwa hazina kazi, na mwili wa faili ukabaki ulipo. Ama lile pipa la taka tunaloliona kwenye kioo, hilo ni hatua ya nyuma zaidi. Humo faili haijafutwa hata jina. Imetolewa chumbani ikawekwa ukumbini.

Usidhani kwamba waliounda mambo haya walikusudia hila. Kupiga mstari daftarini ni kazi ya nukta moja, na kuitoa samani nyumba nzima ni kazi ya saa. Tena faida yake wengi tumeiona. Mwaka 1982 Mmarekani Peter Norton alitoa mkusanyiko wa programu, na mojawapo ilikuwa ya kuirudisha faili iliyofutwa kwa bahati mbaya. Programu hizo zilimpatia jina na mali. Iliwezekana kwa sababu hiyo tu, kwamba kilichofutwa hakikuondoka. Mwanafunzi aliyepoteza kazi yake ya mwaka mzima, kisha fundi akamrudishia, humwombea dua dalali yule mvivu. Lakini mlango unaomruhusu mwenyewe kurudi ndani unamruhusu na mgeni.

Yaliyokutwa katika diski za watu

Kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski kuukuu 158, nyingi katika hizo kwenye minada ya intaneti. Zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa 129. Wakazichungua moja moja. Diski 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Katika nyingine walikuta nambari za kadi za mkopo zaidi ya 5,000, barua za mapenzi, na habari za wagonjwa. Diski moja ilitoka katika mashine ya benki ya kutolea pesa huko Illinois, na hesabu za wateja bado zimo. Kadhaa zilikuwa zimefomatiwa, wenyewe bila shaka wakidhani kazi imekwisha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2003.

Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, walikwenda Ghana kuifuata njia ya kompyuta zinazotupwa na nchi tajiri. Sokoni huko walinunua diski kwa bei isiyofika dola 50. Ndani ya moja wakakuta karatasi za Northrop Grumman, kampuni kubwa inayoiuzia serikali ya Marekani zana za vita, zikieleza mikataba yake na serikali hiyo. Siri ya nchi kubwa namna ile ilikuwa imelala kwenye meza ya mchuuzi wa Afrika Magharibi pamoja na nyaya na vibao vya herufi.

Wala usiseme kwamba hayo ni makosa ya wasiokuwa na fedha za kumlipa fundi. Morgan Stanley, benki kubwa ya New York, mwaka 2016 ilifunga vituo vyake viwili vya kompyuta. Kazi ya kuziondoa mashine ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikuwa na ujuzi wa kufuta habari. Diski zikauzwa tena, nyingine zikafika kwenye mnada wa intaneti na habari za wateja zimo. Aliyewaandikia benki kuwajulisha alikuwa mtu mmoja wa Oklahoma aliyezinunua. Mwezi Septemba 2022 Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35, na wateja ambao habari zao hazikulindwa walihesabiwa kuwa kiasi cha milioni 15.

Harusi ya kike

Hayo yote ni ya mbali, na mtu aweza kusema kwamba yeye hana benki wala haundi silaha. Basi nitaeleza la karibu.

Yupo kijana mmoja fundi wa kompyuta mtaani kwetu, mtoto wa watu na mwenye adabu. Hununua kompyuta kuukuu kwa wafanyabiashara, akazitengeneza, akaziuza. Kabla ya kuiuza mashine ana desturi ya kuipitisha diski katika programu ya kurudisha faili, ajue kama mwenyewe wa kwanza ameacha kitu. Usiku mmoja baada ya Isha alinijia barazani, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ami, nimepatikana."

Kompyuta aliyoinunua ilikuwa ya mpiga picha. Huyo mpiga picha aliifuta, akaifomati, akatia Windows upya. Lakini ilikuwa fomati ya haraka, ile inayompa dalali daftari jipya tupu na kuziacha nyumba zote na vitu vyake. Programu ilipopita, picha zilianza kurudi kwa mamia, na zilikuwa picha za harusi ya kike.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Harusi ya kike mlango wake hufungwa. Humo mama zetu na dada zetu wamejipamba, wamevaa walivyopenda, wanacheza kwa furaha yao, na wanajua kwamba hapana jicho la mwanamume. Aliyezipiga picha alikuwa mwanamke, mfanyakazi wa mpiga picha yule, na walioalikwa waliahidiwa kwamba picha zitakuwa za bi harusi peke yake. Kijana aliona mbili tu, akaizima mashine.

"Sasa nifanye nini, Ami?" akaniuliza. "Nikifuta mwenyewe kimya kimya, nani atajua kama sikubakisha? Nikiwaambia, watasema nimezitazama zote. Na nikinyamaza, diski ninayo mimi."

Sikumtaka anionyeshe, naye hakuwa wa kunionyesha. Nilimwambia, "Mwanangu, jambo la wanawake lipeleke kwa wanawake." Jina la bi harusi lilikuwamo katika majina ya faili, na mamake kijana aliijua nyumba. Akaenda peke yake wakati wa alasiri, akazungumza na mama wa bi harusi. Nasikia palikuwa na kilio kwanza, kisha hasira, kisha swali lililokuwa la haki kabisa: "Tutaaminije?" Jawabu waliloafikiana ni kwamba diski ifutwe mbele ya macho yake.

Siku ya pili mama yule akaja na dada yake nyumbani kwa kina kijana. Kijana akatia programu inayoandika sufuri juu ya diski nzima, toka mwanzo hata mwisho. Diski ilikuwa ya gigabaiti 500, na kazi ikachukua zaidi ya saa mbili. Mama alikaa kitini muda wote huo, kahawa ikapoa mbele yake, akiutazama mstari ukisogea polepole kwenye kioo. Ulipofika mwisho, kijana aliiendesha tena ile programu ya kurudisha faili, naye akiona. Haikurudisha kitu. "Sasa nimeamini," akasema, akajitanda buibui lake akaenda zake.

Mpiga picha yule simtaji, wala sidhani kwamba alikusudia uovu. Aliliamini neno aliloliona kwenye kioo. Lakini amana haiangalii kama mtu alikusudia. Picha zile hazikuwa zake, alizishika tu.

Je, kuandika juu kunatosha?

Bila shaka msomaji makini atauliza: kama kufuta kwa kweli ni kuandika kitu kingine juu ya kile cha kwanza, je, cha kwanza hakitaonekana chini yake?

Shaka hiyo ina asili. Katika karne ya 10, huko Constantinople ambayo leo ni Istanbul, vilinakiliwa juu ya ngozi vitabu vya Archimedes, mwanahesabu mkuu wa Kiyunani. Baadaye ngozi zile zilikwanguliwa, na kufikia mwaka 1229 zilikuwa zimeandikwa juu yake sala za Kikristo. Kitabu hicho kiliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2. Wataalamu katika jumba la makumbusho la Walters mjini Baltimore wakakimulika kwa miali ya namna mbalimbali, hata hesabu za Archimedes zikasomeka tena chini ya zile sala. Ngozi ilikwanguliwa, lakini haikusahau.

Mwaka 1996 mtaalamu wa New Zealand, Peter Gutmann, alitoa hoja iliyokaribiana na hiyo kuhusu diski. Alisema kwamba sumaku ya kwanza huenda ikaacha athari, na akapanga utaratibu wa kuandika juu mara 35. Idadi hiyo ilishika masikio ya watu, na hadi leo wapo wanaoiacha mashine ikikesha usiku kucha kwa ajili yake. Lakini Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba zile 35 zilikuwa ni jumla ya dawa za diski za aina zote za zamani, na kwamba hapana diski moja inayozihitaji zote. Diski za leo maandishi yake yamebanwa mno kuliko zile. Taasisi ya viwango ya Marekani, ijulikanayo kwa jina la NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 ilisema kwamba kwa diski za sumaku, kuandika juu mara moja tu kwa kawaida huzuia habari zisirudi, hata kwa vifaa vya maabara. Mara moja, lakini pote. Usipoandika pote hukufanya kitu.

Diski zisizozunguka

Kompyuta nyingi mpya hazina sahani tena. Zina diski za aina ya SSD, ambazo ni jamaa ya zile flashi tunazotia mfukoni na kadi za simu. Humo hamna kinachozunguka. Mna vijumba vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme. Kila kijumba huchakaa kikiandikwa mara nyingi, basi kiwanda kimeweka ndani yake msimamizi wa zamu. Ukiandika upya juu ya faili, yeye huyapeleka maandishi mapya kwenye kijumba kingine kilichopumzika, na ya zamani yakabaki yalipo kwa muda usioujua. Umedhani umeandika juu yake, kumbe umeandika kando yake.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha California mjini San Diego walizijaribu juu ya SSD zile njia zilizozoeleka za kufuta faili moja moja. Hapana hata moja iliyofaulu. Kuna amri ambayo viwanda huijenga ndani ya diski hizo ili ijisafishe yote kwa mara moja, na hiyo ndiyo njia inayofaa. Lakini watafiti hao walikuta baadhi ya diski zikijibu kwamba zimejisafisha ilhali habari bado zimo.

Hapo ndipo inapokuja njia nyingine, nayo ni fumbo. Sisi watunzi twajua kwamba fumbo bila ya ufunguo wake ni maneno matupu. Kompyuta nyingi za sasa zaweza kuandika kila kitu kwa fumbo tangu siku ya kwanza. Windows ina chombo kiitwacho BitLocker, za Apple zina FileVault, na simu nyingi za kisasa hufanya hivyo zenyewe. Kinachokaa ndani ya diski ni fumbo, na ufunguo wake huwekwa mahali pake. Siku ya kuiuza mashine unauharibu ufunguo, na yote yaliyobaki hayasomeki na yeyote. Masharti yake ni mawili. Fumbo litiwe kabla ya kuandika siri, si baada yake. Na nakala ya ufunguo uliyoiweka pembeni nayo iharibiwe.

Habari ya nyundo

Wapo wanaosema, tabu yote hii ya nini? Chukua nyundo. Nyundo ina nafasi yake, lakini tusiiamini kupita kiasi. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Miongoni mwa vipande vilivyookotwa ilikuwamo diski iliyoungua na kugonga ardhi kutoka angani. Mafundi walizisafisha sahani zake wakazitia katika mashine nyingine, na takriban asilimia 99 ya yaliyomo yakasomeka. Matokeo ya jaribio la kisayansi lililohifadhiwa humo yalichapishwa mwaka 2008. Diski iliyoanguka toka mbinguni ikasema, sembuse iliyopigwa nyundo mara mbili juu ya kifuniko?

Mwezi Julai 2013, gazeti la Guardian la London lilipoharibu kompyuta zilizokuwa na siri alizozitoa Edward Snowden, kazi hiyo ilifanywa kwa mashine za kusaga na kutoboa, maofisa wa ujasusi wa Uingereza wakisimama kutazama. Huko ndiko kuvunja kunakofaa. Sahani zenyewe zitobolewe na kupindwa, na kwa SSD kila kipande cheusi kilichomo kivunjwe. Na usiichome moto uani, kwani moshi wake ni sumu kwa wanao na kwa jirani.

Kabla hujauza

Basi afanye nini mtu wa kawaida? Kwanza, atoe nakala ya vyake anavyovihitaji: wosia, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, picha za marehemu. Kufuta kwa kweli hakuna majuto wala kurudi nyuma.

Pili, ajue diski yake ni ya aina gani. Fundi atamwambia kwa kuitazama. Ikiwa ni ya sahani, iandikwe juu yote. Windows zilizotoka tangu Vista huandika sufuri kote ukichagua fomati kamili, na huacha yote ukichagua ya haraka. Tofauti ya alama moja ndogo kwenye kioo ndiyo iliyomliza mama yule. Na katika Windows za karibuni, ukiirejesha kompyuta katika hali ya upya, chagua kuondoa kila kitu na kuisafisha diski pia, ijapokuwa itachukua saa. Asiyetaka kuuza ila anataka tu mabaki ya faili alizozifuta zamani yasirudi, ipo amri ya Windows iitwayo cipher, ambayo ikiandikwa cipher /w:C: huzijaza nafasi zilizo wazi za diski hiyo. Hiyo yafaa kwa diski za sahani.

Ikiwa ni SSD, itumike programu ya kiwanda chenyewe, au fumbo kama nilivyoeleza. Simu irejeshwe katika hali ya kiwandani baada ya kuhakikisha kwamba ina fumbo, na kadi ya ndani itolewe.

Tatu, akumbuke mashine asizozidhania. Mashine nyingi za kutoa nakala zina diski ndani, na kila kitambulisho kilichopita juu ya kioo chake chaweza kuwa kimewekwa humo. Mwaka 2013 shirika moja la bima ya afya la New York, Affinity, lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kuzirudisha mashine za kukodi bila ya kufuta diski zake, na habari za wagonjwa zimo.

Amana ya wenzetu

Kenya ina sheria yake ya kulinda data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamtaka anayeshika habari za watu azifute, au azifanye zisimtambulishe mtu, pindi haja ya kuzishika inapokwisha. Wengi wetu tunaisikia tukafikiri inazihusu kampuni za simu na benki peke yake. Lakini zahanati ndogo ina majina ya wagonjwa. Skuli ina alama na adhabu za watoto. Chama cha akiba kina madeni ya watu. Kamati ya msikiti ina orodha ya mayatima, na ya waliopokea zaka, watu ambao ufukara wao wameusitiri kwa nguo safi na salamu nzuri. Kompyuta ya kamati ikichakaa hupewa kijana yeyote aifanyie mazoezi. Nani aliyeuliza kama orodha imo?

Siwaahidi wasomaji kwamba diski ikifutwa vyema mambo yote yamekwisha. Picha iliyokwisha kutumwa katika simu za watu haifutiki kwa kuisafisha diski moja, na nakala zilizowekwa kwenye mitambo ya mbali ya intaneti zina kufutwa kwake. Hilo ni jambo jingine na lina siku yake. Lakini diski iliyo mkononi mwako ni yako, na kuifuta ni katika uwezo wako, kwa saa mbili au tatu na bila ya gharama kubwa.

Kwa hiyo, ewe mwenye duka, mwenye studio, katibu wa kamati, au mzazi unayetaka kubadilisha kompyuta ya nyumbani: usiridhike na kutoweka kwa jina. Mwite fundi unayemwamini, mwambie aandike juu ya diski yote, kisha mwambie aitafute faili moja unayoijua kwa programu ya kurudishia, nawe umekaa hapo hapo ukitazama. Asipoiona, uza.